ROBERT GRAVES: ASKARI ALIYETANGAZWA AMEKUFA

UTANGULIZI

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya somo ya mwaka huu, alinipa sharti moja tu: nimlete mwandishi wa riwaya na mashairi, ila nisimlete yule yule wa kila mwaka. Wanachama wakaangua kicheko, maana si mnajua, kila mwaka huwa ni Shaaban Robert. Basi mimi nimekwenda mbali kidogo. Nimemchagua Mwingereza, Robert Graves, aliyekuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawa malenga na mwandishi wa riwaya.

Najua kuna atakayeuliza, "Mzungu wa zamani hivyo anatuhusu nini sisi wa Chama cha Kiswahili?" Nina majibu mawili. La kwanza, vita alivyopigana vilifika hapa kwetu Taita na Taveta. Mwezi wa Februari 1916 watu walikuwa wanauana pale kilima cha Salaita, na reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa sababu ya vita hivyo hivyo. Makaburi ya askari yapo hapa Voi, na wengi wetu huyapita bila kuyatazama. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi hilo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, na Kariokor ya Nairobi, limetokana na kikosi chao.

Jibu la pili ni la nyumbani kwetu. Sikupenda kulieleza, lakini bila hilo nisingalimsoma Graves hata ukurasa mmoja.

KOSA LANGU

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa mwanajeshi. Alikwenda Somalia pamoja na vikosi vyetu, akarudi, na baadaye akaacha jeshi. Sasa ni fundi wa viatu, ana kibanda chake karibu na stendi.

Mwaka jana nikiwa Kidato cha Pili tulipewa insha, "Siku Ambayo Sitaisahau". Mimi siku kama hiyo sikuwa nayo. Nikaandika juu ya usiku mmoja wa mjomba, kama nilivyomsikia mama akimsimulia shangazi jikoni, wakidhani nimelala. Nikatia chumvi, nikatia na pilipili. Nilipata alama 18 kwa 20. Insha ikasomwa mbele ya darasa, kisha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nilitembea siku mbili kama jogoo.

Lakini shule yetu ni ya kutwa. Habari haibaki shuleni, saa kumi na moja jioni inarudi nyumbani pamoja na wanafunzi. Siku ya tatu mjomba alikuwa ameisikia, tena kutoka kwa mtoto aliyemletea kiatu kushonwa.

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alikuja nyumbani, akanywa chai, akaniuliza, "Mjomba, ile hadithi uliinunua kwa nani?" Nikakosa la kusema. Akaweka kikombe chini, akaaga. Kwa muda wa miezi miwili hakukanyaga kwetu. Mama naye hakusema kitu, lakini nilimwona jioni akitazama njia.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa Kiswahili hakunipa hotuba. Alinipa kitabu cha Kiingereza, kikuukuu, jalada limetoka, akasema, "Soma hiki kwanza, halafu tuzungumze." Kilikuwa Goodbye to All That, yaani "Kwaheri kwa Hayo Yote", cha Robert Graves. Nilikisoma kwa wiki tatu, kamusi mkononi.

KIJANA KABLA YA VITA

Robert Graves alizaliwa tarehe 24 Julai 1895 huko Wimbledon, karibu na London. Baba yake alikuwa Mwairishi, mkaguzi wa shule na pia mtunzi wa mashairi. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kijerumani, ukoo wa von Ranke, na jina hilo alipewa Robert pia. Jina lilimletea taabu. Katika shule ya bweni ya Charterhouse wenzake walimwonea kwa kuwa ana jina la Kijerumani, na kwa kuwa alikuwa akipenda mashairi. Alijifunza ndondi ili waache kumchokoza. Mwalimu mmoja aliyemtia moyo alikuwa George Mallory, ambaye alimfundisha pia kupanda milima. Huyu Mallory ndiye aliyepotea katika mlima Everest mwaka 1924.

Mwezi wa Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Graves alikuwa amemaliza shule, ana miaka 19, na nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Oxford ilikuwa inamngojea. Kabla mwezi haujakwisha akajiandikisha jeshini, katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers. Ninyi wa Kidato cha Nne, hesabuni miaka yenu. Kijana huyu alitoka darasani akaenda moja kwa moja kufundishwa kuongoza watu wa kufa. Na upande wa pili wa vita kulikuwa na jamaa za mama yake.

MAHANDAKI YA UFARANSA

Alipelekwa Ufaransa mwaka 1915. Vita vya huko havikuwa vya kukimbizana. Majeshi mawili yalichimba mahandaki, yakakaa humo yakitazamana kwa miaka, katika matope, panya, chawa na mizinga.

Mwezi wa Septemba 1915 alikuwa katika mapigano ya Loos. Hapo Waingereza walitumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza, na mahali pengine upepo ukaigeuza ikawarudia wenyewe. Wahenga wanatuambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 20, alifanywa kapteni. Mwaka 1916 ikatoka diwani yake ya kwanza ya mashairi. Kumbe alikuwa akiandika mle mle handakini!

Tarehe 1 Julai 1916 vilianza vita vya mto Somme. Siku hiyo moja tu wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 19,000 walikufa. Graves aliingia katika vita hivyo siku chache baadaye. Tarehe 20 Julai kombora lilipasuka karibu naye, na kipande cha chuma kikapenya mpaka kwenye pafu. Waliombeba waliona hana maisha, wakamlaza pembeni kwenye kituo cha majeruhi ili wahudumie wenye matumaini. Kamanda wake akamwandikia mama yake barua ya rambirambi. Gazeti la The Times la London likachapisha jina lake katika orodha ya waliokufa.

Lakini ajali haikuwa imefika. Asubuhi walipokuja kuondoa maiti wakamkuta anapumua. Baadaye gazeti likachapisha masahihisho. Msomaji, fikiri: mtu anatimiza miaka 21 akiwa hospitalini, na nyumbani wanamlilia. Aliishi baada ya hapo miaka 69.

BAADA YA VITA: VITA VINGINE

Mwezi wa Julai 1917 rafiki yake Siegfried Sassoon, ambaye alikuwa afisa katika kikosi hicho hicho na malenga pia, alitoa tamko la kupinga vita kuendelea. Hilo lingeweza kumpeleka mahakama ya kijeshi. Graves alimwona rafiki yake anajiangamiza bure. Alihangaika mpaka Sassoon akapelekwa mbele ya madaktari badala ya mahakimu, na mwenyewe akaenda kutoa ushahidi huku akilia. Sassoon akapelekwa hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kwa daktari Rivers, ambaye aliwatibu askari kwa kuwaacha waseme naye akawasikiliza. Huko huko Sassoon alikutana na malenga mwingine kijana, Wilfred Owen. Owen alirudi vitani akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla ya vita kwisha.

Graves mwenyewe alirudi Uingereza, akaoa, akapata watoto, akaenda Oxford. Ukimtazama ungesema amepona. Lakini anatueleza kitabuni kwamba usiku alisikia makombora yakipasuka juu ya kitanda chake. Mchana aliona njiani watu wageni wakiwa na sura za marafiki zake waliokufa. Hakuweza kutumia simu. Akisafiri kwa treni alitapika. Akikutana na watu wapya zaidi ya wawili kwa siku, usingizi ulimpaa. Hali hii ilidumu miaka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Zamani methali hii niliijibu kwenye mtihani bila kuielewa.

Riziki pia ilikuwa ngumu. Alifungua duka dogo na mkewe, likafilisika. Mwaka 1926 alikwenda Misri kufundisha chuo kikuu cha Cairo, lakini hakumaliza mwaka, akarudi.

KITABU KILICHOKASIRISHA MARAFIKI

Mwaka 1929 aliandika tawasifu hiyo, Goodbye to All That. Alikuwa na miaka 33, ndoa yake imevunjika, na pesa hana. Aliiandika haraka haraka, kwa miezi michache tu. Angalia lakini, tangu vita kwisha ilikuwa imepita miaka 11. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi sana, naye akahamia kijiji cha Deià, katika kisiwa cha Mallorca, Hispania.

Sasa hapa ndipo nilipoinua macho kutoka kwenye kitabu. Mwalimu alikuwa ameniambia nitafute habari za marafiki zake walivyokipokea. Nikatafuta. Sassoon alikasirika mno. Graves alikuwa ameingiza humo barua ya shairi ambayo Sassoon alimwandikia yeye peke yake wakati akiwa mgonjwa, bila kumwomba ruhusa. Alikuwa ameeleza pia jinsi mama yake Sassoon alivyojaribu kuzungumza na roho ya mwanawe aliyekufa vitani. Sassoon akawaendea wachapishaji, na sehemu hizo zikaondolewa. Yeye na malenga mwingine aliyekuwa askari, Edmund Blunden, walichukua nakala moja ya kitabu wakaijaza pembeni maandishi ya kukosoa. Urafiki wa Graves na Sassoon ukaingia ufa mkubwa.

Jamani, mtu huyu ndiye aliyelia mbele ya madaktari kumwokoa Sassoon! Alimwokoa mwaka 1917, akamjeruhi mwaka 1929, na silaha ilikuwa kalamu.

Hapo nikaelewa kwa nini mwalimu alinipa kitabu hicho. Graves alipoandika juu ya pafu lake na ndoto zake alikuwa anatumia mali yake. Alipoandika juu ya mama yake Sassoon alikuwa ameingia shamba la mtu. Na mimi sikuwa na shamba kabisa. Insha yangu yote ilivunwa kwa mjomba.

MBWA NA PAKA: RIWAYA NA USHAIRI

Turudi kwenye somo letu. Graves aliandika vitabu zaidi ya 100 vya kila aina, lakini yeye alijihesabu kuwa malenga tu. Alisema kwa mfano mzuri kwamba vitabu vya nathari ni kama mbwa wa maonyesho aliowafuga na kuwauza ili apate kumlisha paka wake. Paka huyo ni ushairi. Yaani riwaya zilinunua mkate, na mkate ukampa nguvu ya kutunga.

Mbwa wake mashuhuri kuliko wote ni riwaya ya I, Claudius, iliyotoka mwaka 1934, pamoja na mwendelezo wake wa mwaka huo huo, Claudius the God. Mwaka 1976 televisheni ya BBC iliigeuza kuwa mchezo wa vipindi vingi. Ni riwaya ya kihistoria juu ya Claudius, Kaisari wa Roma. Claudius alikuwa kiguu na mwenye kigugumizi. Jamaa zake walimwona mpumbavu wakamficha. Wao waliuana kwa sumu na visu wakigombea ufalme, naye akasalia kwa sababu hakuna aliyemhesabu. Mwaka 41 Baada ya Kristo, Kaisari Caligula alipouawa, askari walimkuta Claudius amejificha nyuma ya pazia wakamtawaza.

Kwa wanafunzi wa Fasihi, angalieni mambo matatu:

(a) Nafsi. Riwaya imesimuliwa katika nafsi ya kwanza, kana kwamba Claudius mwenyewe anaandika tawasifu yake ya siri. Msomaji anasahau kwamba anasoma kazi ya mtu wa miaka ya 1930.

(b) Mhusika. Mimi naona si bahati kwamba mtu aliyetangazwa gazetini kuwa amekufa alimchagua mhusika ambaye watu walimwona kama hayupo. Aliyebaki hai ndiye msimulizi. Waliokufa hawasimulii.

(c) Umbali. Katika tawasifu Graves alitaja watu waliokuwa hai, wakaumia. Katika riwaya alikwenda nyuma miaka 1,900. Usaliti, hofu na mauaji vipo tele, lakini hakuna mama wa mtu aliyefedheheshwa. Nadhani hii ni kazi moja kubwa ya riwaya: humpa mwandishi nafasi ya kusema kweli bila kumvua mtu nguo hadharani.

Na ushairi je? Wakati wa vita Graves alitunga mashairi ya kutisha. Moja laeleza maiti ya askari wa Kijerumani aliyoiona katika msitu wa Mametz, alipokwenda kutafuta makoti ya kujifunika baridi. Hakuipamba maiti ile hata kidogo. Alitaka wale wanaoimba sifa za vita nyumbani waione ilivyo. Kumbukeni pia kwamba mama yake alikuwa wa damu hiyo hiyo ya Kijerumani.

Lakini jambo la ajabu ni hili. Baadaye, alipokusanya mashairi yake katika diwani kubwa, aliyaacha nje mashairi ya vita. Mashairi yaliyompa jina aliyanyamazisha mwenyewe, akabaki kutunga juu ya mapenzi na visa vya kale. Mengi ya yale ya vita yalikusanywa upya baada ya kufa kwake. Wahakiki wana maoni yao juu ya sababu. Mimi nasema tu kwamba mwenye jeraha ana haki ya kulifunua, na ana haki ya kulifunika tena. Siri ya mtungi aijuaye kata.

ULINGANISHO MFUPI

Samahani mhariri, Shaaban Robert ameingia kwa mlango wa nyuma! Lakini ulinganisho unasaidia. Shaaban Robert (1909 hadi 1962) naye aliandika riwaya, mashairi na tawasifu. Hakuwa askari, alikuwa karani wa serikali Tanganyika, lakini alitunga utenzi mrefu sana juu ya Vita vya Pili vya Dunia, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Katika fasihi yetu, vita vikubwa huandikwa kwa utenzi, na mtunzi husimama kama shahidi wa watu wote. Graves alisimama kama mtu mmoja aliyekuwa ndani ya handaki. Njia zote mbili ni halali. Utenzi hutuambia taifa lilipita wapi, tawasifu hutuambia mguu mmoja ulikanyaga nini.

Vita vile vya pili vilimgusa Graves pia. Mwanawe David aliuawa Burma mwaka 1943, akiwa katika kikosi kile kile alichotumikia baba yake. Mwaka uliofuata askari wa Afrika Mashariki, wakiwemo wengi kutoka Kenya, walipelekwa Burma hiyo hiyo kupigana. Wachache mno kati yao waliandika. Kwa hiyo tunazo kumbukumbu nyingi za maafisa, na chache sana za waliobeba bunduki.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Graves alikimbia Hispania mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, akarudi Deià mwaka 1946. Kuanzia 1961 hadi 1966 alikuwa Profesa wa Ushairi huko Oxford. Tarehe 11 Novemba 1985, katika kanisa la Westminster Abbey mjini London, lilizinduliwa jiwe lenye majina ya malenga 16 wa Vita vya Kwanza. Kumi na watano walikuwa wamekwisha kufa. Graves peke yake alikuwa hai. Alifariki wiki chache baadaye, tarehe 7 Desemba, akiwa na miaka 90. Amezikwa kijijini Deià, na juu ya kaburi lake pana jina, tarehe zake, na neno la Kihispania, "poeta", maana yake malenga. Hawakuandika kapteni wala mwandishi wa riwaya. Mbwa wote wamekwenda zao, paka amebaki.

NILIVYOKWENDA KIBANDANI

Nilipomaliza kitabu nilikwenda kwa mjomba siku ya Jumamosi. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja, nikamwomba msamaha. Alikuwa anashona soli, hakuinua macho. Nikamweleza habari za Graves na Sassoon, kwa sababu sikujua la kusema lingine. Nilipofika kwenye habari ya simu na treni, sindano ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Mwisho akauliza, "Huyo Mzungu alisema vita vyake mwenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na wenzake aliowasemea wakakasirika."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi umesoma."

Nilipoambiwa niandike makala haya nilimwendea tena kumwomba ruhusa. Aliniruhusu mambo matatu: niseme alikwenda, niseme alirudi, na niseme anashona viatu vizuri. Nikamwomba niongeze kosa langu, akacheka akasema hilo ni langu, nifanye nitakavyo. "Mengine niachie," akasema. "Nikitaka kuyasema nitakuita." Jumapili iliyofuata alikuja kwetu kunywa chai. Mama alimwaga ya kwanza akapika nyingine upya.

Nilimnunulia daftari la kurasa 96, nikampa bila kusema la nini. Juzi nililiona kibandani. Ameandika humo majina ya wanaodaiwa pesa za viatu. Sikusema kitu. Daftari ni lake.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Mwandishi si lazima aandike jambo likiwa bichi. Graves alikaa miaka 11.

2. Ukiandika juu ya maisha ya mtu mwingine, mwombe. Akikataa, nyamaza, au tunga riwaya na umtoe kabisa ndani yake. Kubadilisha jina tu hakutoshi, hasa katika mji kama wetu ambapo kila mtu anajua mbuzi wa nani kala mahindi ya nani.

3. Mtu aliyetoka vitani akinyamaza, kimya chake si tupu wala si kiburi. Tusimchokonoe kama jino bovu. Tukae karibu tu, ili akitaka kusema atukute.

4. Alama 18 kwa 20 zinaweza kuwa ghali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya tawasifu na riwaya ya kihistoria, ukitumia vitabu viwili vya Graves.

2. "Mwandishi ana haki ya kusema kila alichokiona." Jadili ukitoa mifano ya kuunga mkono na ya kupinga.

3. Toa methali mbili zilizotumika katika makala haya, ueleze zinavyohusiana na maisha ya Graves.

4. Muulize mzee mmoja wa kwenu, kwa adabu, kama anapenda kukusimulia jambo moja la zamani. Akikataa, andika aya moja juu ya namna ulivyomshukuru.

MSAMIATI

Handaki: shimo refu la kujikinga vitani.
Tawasifu: maisha ya mtu yaliyoandikwa na yeye mwenyewe.
Nathari: maandishi ya mjazo, yasiyo ya ushairi.
Diwani: kitabu cha mkusanyiko wa mashairi.
Ajali (katika makala haya): siku ya mtu ya kufa.

Kalamu yangu inakauka wino, nami sina budi kutia nanga hapa. Niliyemkosea kwa kuandika ameyasoma haya kabla yenu. Alirudisha karatasi akaniambia nimekosea herufi moja katika neno "soli", nami nimeisahihisha.

Wasalaam,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.